Imekatwa au Imekatika: Modemu, Hitilafu Zake na Lugha ya Kuzieleza katika Afrika Mashariki

Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya jimbo la Georgia nchini Marekani ilitoa modemu iliyoitwa Smartmodem. Kabla ya hapo modemu nyingi zilikuwa vyombo bubu: mtu alipiga namba kwa mkono wake kwenye simu, akasikiliza mlio wa upande wa pili, kisha akabonyeza swichi. Smartmodem ilipokea amri zilizoandikwa, ikapiga namba yenyewe, na ikajibu kwa maneno. Hapo mwanzo majibu hayo yalikuwa matano: OK, CONNECT, RING, NO CARRIER na ERROR. Hilo la mwisho lilihusu amri iliyoandikwa vibaya. Kwa hiyo mawasiliano yaliposhindikana, kwa sababu yoyote ile, chombo kilikuwa na jibu moja tu la kutoa, nalo ni NO CARRIER. Waya ukiwa umechomoka ukutani, jibu lilikuwa hilo. Namba ya upande wa pili ikiwa inatumika, ni hilo. Simu ikiita bila kupokelewa, ni hilo pia. Na mawasiliano yakianza vizuri kisha maji ya mvua yakaingia katika kiungo cha waya njiani, bado lilikuwa hilohilo. Modemu zilizofuata ziliongeza NO DIALTONE, BUSY na NO ANSWER, lakini NO CARRIER liliendelea kubeba mzigo mkubwa kuliko maneno mengine yote.

Msemaji wa Kiswahili aliyetaka kueleza tukio hilo alikuwa na uchaguzi wa kauli nne au zaidi, na kila kauli ingempeleka fundi mahali tofauti. Mhadhara huu unashughulikia tofauti hiyo. Dai lake ni kwamba hitilafu za modemu ya simu zilikuwa suala la umeme na suala la lugha kwa wakati mmoja, na kwamba utajiri wa Kiswahili katika eneo hili ulikuwa katika vitenzi, ilhali juhudi za kuunda istilahi zilielekezwa zaidi kwenye nomino.

Simu na waya

Neno simu lenyewe ni neno la waya. Asili yake ni sim ya Kiajemi, yenye maana hiyo. Kebo ya telegrafu iliyopita chini ya bahari kutoka Aden ilifika Zanzibar mwaka 1879, ikaendelea Msumbiji hadi Durban. Na Kiswahili kikatumia neno hilo moja kwa telegrafu na baadaye kwa telefoni. Ndiyo maana mtu aliweza kupiga simu kwa sauti yake na pia kupeleka simu ya maandishi posta. Simu isiyo na waya ikawa simu ya upepo, na ile iliyozungushwa kwa mpini ili kumwamsha opereta ikawa simu ya kukoroga. Modemu, iliyopitisha maandishi katika waya uliotengenezwa kwa ajili ya sauti, inaingia katika ukoo huu bila shida yoyote. Kwa maana fulani iliirudisha simu ya maandishi kwa mlango wa nyuma.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Laini ya simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, kiasi kinachotosha maongezi ya binadamu. Kompyuta haina sauti, ina tarakimu. Modemu hugeuza tarakimu hizo kuwa milio, na modemu ya upande wa pili huigeuza milio hiyo kuwa tarakimu tena. Bell 103 ya mwaka 1962 ilipitisha biti 300 kwa sekunde. Viwango vya kimataifa vilivyofuata vilipanda hatua kwa hatua: 2,400, kisha 9,600, kisha 14,400. Mwaka 1994 kiwango cha V.34 kilifikia 28,800, na mwaka 1998 V.90 ikaahidi 56,000.

Ahadi hiyo ilikuwa na sharti ambalo halikuandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Claude Shannon alikwisha kuonyesha mwaka 1948 kwamba kasi ya juu ya njia yoyote ya mawasiliano hutegemea upana wa masafa yake na nguvu ya ishara ikilinganishwa na kelele. V.90 iliweza kupita kikomo cha kawaida cha laini ya sauti kwa sababu ilidhani kwamba kutoka kwa mtoa huduma hadi kituo cha simu cha mteja ishara ni ya kidijitali, na kwamba hugeuzwa kuwa sauti mara moja tu, katika kipande cha mwisho cha waya. Pale ambapo ishara iligeuzwa mara mbili njiani, au laini ya mteja ilipitia kifaa cha kugawanya waya mmoja kwa wateja kadhaa, modemu hizo zilishuka zenyewe hadi kasi za V.34 au chini yake. Mteja aliyenunua 56 akapata 26 hakuwa ameibiwa na mwenye duka. Alikuwa amenunua chombo kilichobuniwa kwa dhana ya mtandao wa simu wa mahali pengine.

Mkanganyiko ulizidishwa na chombo chenyewe. Modemu nyingi, zilipofanikiwa kuunganika, ziliandika CONNECT 115200. Hiyo haikuwa kasi ya laini hata kidogo. Ilikuwa kasi ya waya mfupi kati ya modemu na kompyuta, juu ya meza ileile.

Mlio wa kupiga

Hitilafu ya kwanza kabisa katika mfuatano ni modemu kutosikia mlio unaoashiria kwamba laini iko tayari. Katika Windows ilijulikana kwa namba 680. Maelekezo yaliyokuja na modemu yaliagiza mtu akague waya, na ushauri huo ulikuwa sahihi kwa kadiri yake. Modemu nyingi zilikuwa na matundu mawili yanayofanana, moja la laini na jingine la kuchomekea simu ya mezani, na kuyabadilisha lilikuwa kosa la kila siku. Fundi mwenye busara aliichomoa modemu, akachomeka simu ya kawaida katika soketi ileile, akainua mkonga na kusikiliza. Ikiwa kimya kabisa, simu imekufa, na hakuna cha kurekebisha ndani ya kompyuta.

Lakini kulikuwa na hali ya pili, ambayo iliwasumbua watu zaidi kwa sababu ilikataa mantiki ya maelekezo. Binadamu akiinua mkonga alisikia mlio waziwazi; modemu katika laini hiyohiyo ilishikilia kwamba mlio haupo. Ukweli ni kwamba milio ya kupiga si lugha moja duniani. Ule wa Amerika Kaskazini umeundwa kwa masafa mawili yanayosikika pamoja, hezi 350 na 440. Pendekezo la kimataifa la shirika la ITU kwa mlio wa masafa mamoja hupendelea hezi 425. Mitambo ya zamani ilikuwa na milio yake. Katika Afrika Mashariki mitambo ilirithiwa kutoka Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lililodumu hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kisha kila nchi ikaongeza mitambo ya watengenezaji mbalimbali kadiri fedha na misaada ilivyoruhusu. Modemu iliyofundishwa mlio wa nchi moja haikulazimika kuutambua mlio wa nyingine.

Dawa yake ilikuwa herufi moja na tarakimu moja. Katika modemu zilizofuata amri za Hayes, X4 iliamuru chombo kisubiri mlio wa kupiga, nayo X3 iliamuru kisisubiri, kipige tu. Aliyeongeza X3 katika amri za kuanzia, au aliyeondoa alama ya kusubiri mlio katika dirisha la Windows, alimaliza tatizo kwa nukta chache. Asiyejua aliweza kununua modemu nyingine, na ya tatu, zote zikamjibu vilevile.

Dawa nyingine zilizokuja na vitabu vya maelekezo zilikuwa za nchi nyingine waziwazi. Vitabu vingi vya Marekani vilimwagiza mteja apige *70 kabla ya namba, ili kuzima huduma ya simu inayosubiri, ambayo mlio wake wa katikati ya mazungumzo uliweza kuvuruga mawasiliano ya modemu. Namba hiyo ilikuwa ya Amerika Kaskazini. Kwingineko iliweza kusababisha simu isipigwe kabisa. Katika ofisi zenye swichibodi kulihitajika tarakimu ya kutokea nje, mara nyingi 9, ikifuatwa na alama ya mkato. Alama hiyo ndogo, ambayo mwanafunzi wa lugha huijua kama pumziko katika sentensi, katika modemu nayo ilikuwa pumziko, la sekunde 2 kwa kawaida. Bila hiyo modemu iliianza namba halisi kabla swichibodi haijafungua njia.

Hata kitenzi piga kilipata maana yake ya asili katika jambo hili. Amri ya ATDT iliita kwa milio. Amri ya ATDP iliita kwa mapigo, yaani kwa kukata na kuunga mkondo wa umeme, mara 5 kwa tarakimu ya 5. Vituo vya zamani vilihesabu mapigo na havikuelewa milio. Dalili ilisikika: modemu ilitoa milio yake yote, na nyuma yake mlio wa kupiga ukaendelea vilevile, kana kwamba hakuna aliyesema neno. Aliyebadilisha T kuwa P alikuwa, kwa maana halisi kabisa, ameanza kupiga simu.

Sikio la fundi

Kelele ya modemu inapokumbukwa leo huchukuliwa kuwa kichekesho cha zama zilizopita. Kwa fundi wa miaka ya 1990 ilikuwa kipimo. Spika ndogo ya chombo iliachwa wazi kwa makusudi hadi mawasiliano yaposimama, kisha ikanyamaza. Amri ya M1 ndiyo iliyopanga hivyo, na aliyeona kelele hiyo ni kero akaizima kwa M0 alijinyima chombo chake bora cha uchunguzi.

Mfuatano wake katika modemu za V.34 ulikuwa hivi. Kwanza mlio wa kupiga, kisha milio ya namba, kisha kuita. Upande wa pili ukipokea, ulitoa mlio mwembamba wa hezi 2,100, wenye kazi ya kuviarifu vifaa vya kuzuia mwangwi katika njia za masafa marefu vijizime. Baada ya hapo modemu mbili zilitambulishana uwezo wao, zikapimana njia kwa milio mingi ya pamoja ili kujua ni masafa gani yanapita vizuri na ni yapi yamefifia, zikajifunza mwangwi wa njia hiyo, hatimaye zikaingia katika mvumo mnene unaofanana na maji ya maporomoko. Ukimya uliofuata ulikuwa habari njema.

Kila kituo cha safari hiyo kilikuwa na ugonjwa wake. Simu iliyoita tu bila mlio mwembamba kufuata ilionyesha kwamba modemu ya upande wa pili imezimwa au namba si yake, hali ambayo Windows iliiita 678. Mlio wa kukatizakatiza ulionyesha laini inatumika, yaani 676. Kwa watoa huduma wenye laini chache za kupokelea wateja, huo ndio uliosikika jioni nzima. Sauti ya binadamu akisema haloo ilimaanisha kwamba nyumba ya mtu imepigiwa kwa makosa, na programu ingeendelea kumpigia kila baada ya dakika moja hadi mwenye kompyuta aizuie. Milio ya kupimana iliyorudiwa mara mbili au tatu ilionyesha kwamba modemu zinashuka kasi zikitafuta kiwango ambacho laini inaweza kukimudu. Na mkwaruzo uliosikika chini ya milio yote ulielekeza kwenye waya: kiungo chenye kutu, kebo iliyoingia maji wakati wa masika, au laini iliyoingiliana na ya jirani.

Mwenye kusikiliza hivyo hakuhitaji kusubiri neno kutoka kwa modemu. Alihitaji maneno yake mwenyewe, ili amweleze mtu mwingine alichosikia. Hapo ugumu wa pili ulijitokeza, kwa sababu laini iliyoharibika mara nyingi ndiyo hiyohiyo ambayo angeitumia kupiga simu ya kuomba msaada, na maelezo yakalazimika kupelekwa ofisini kwa miguu, na kutolewa kwa kumbukumbu.

Ukoo wa kitenzi kata

Neno carrier katika uhandisi ni wimbi tulivu linaloubeba ujumbe. Modemu husema halipo pale isiposikia tena wimbi la mwenzake. Kwa Mwafrika Mashariki wa kawaida neno hilo lilikwisha kuingia katika lugha yake kwa njia nyingine: keria ni chuma cha nyuma ya baiskeli au cha juu ya gari, mahali pa kufungia mizigo. Picha ya mzigo uliokosa keria haiko mbali na ukweli wa kiufundi. Lakini haimsaidii mtu kujua afanye nini.

Kiswahili husema kuhusu jambo hilo kwa kitenzi kata, na hapo sarufi huanza kufanya kazi ya fundi. Amekata: yupo mtendaji upande wa pili, aliyeikatisha simu kwa hiari. Hii ndiyo hali ya mtoa huduma ambaye kompyuta yake imepokea modemu vizuri, ikauliza jina na neno la siri, ikaona havilingani, ikafunga; Windows iliiita 691. Waya ni mzima, laini ni safi, na kosa liko kwenye herufi kubwa iliyoandikwa badala ya ndogo, au katika malipo ya mwezi yaliyokwisha muda. Imekatwa: kauli ya kutendwa, mtendaji yupo lakini hatajwi, na kila aliyekuwa na simu ya mezani alijua kwamba hapo anayehusika ni shirika la simu na ankara isiyolipwa. Imekatika: kauli ya kutendeka, hakuna mtendaji, waya umeanguka, nguzo imelala, kiungo kimeachia. Inakatikakatika: kitenzi kimerudufiwa, na urudufishaji huo unaeleza hitilafu ya vipindi, ile ambayo mafundi wa nchi zote huichukia kuliko nyingine, kwa sababu hupotea pindi wanapofika.

Fomu hizi nne si mapambo ya usemi. Ya kwanza humpeleka mtu kwenye kibodi, ya pili kwenye dirisha la malipo, ya tatu nje ya nyumba kwenye nguzo, ya nne kwenye kutafuta kinachotokea kwa vipindi: mvua, upepo unaotikisa waya, au mtu wa nyumbani anayeinua mkonga wa simu ya chumba kingine. Modemu ilizifupisha zote kuwa NO CARRIER. Vitabu vya sarufi hufundisha kauli za kutendwa na kutendeka kwa mifano ya vikombe vilivyovunjwa na vikombe vilivyovunjika, na mwanafunzi hujiuliza kwa haki ni nani ajaliye. Mwenye ankara ya simu iliyohesabiwa kwa dakika alijali.

Masafa marefu

Haya yalikuwa na uzito mkubwa zaidi pale ambapo simu yenyewe ilivuka bahari. Kabla ya watoa huduma wa intaneti wa kibiashara kuanza kazi katikati ya miaka ya 1990, mashirika na vyuo vya Afrika Mashariki vilibadilishana barua kwa mitandao ya kuhifadhi na kupeleka. Jijini Nairobi shirika la mazingira la ELCI liliendesha kituo cha aina hiyo kwa mfumo wa FidoNet, uliobuniwa na Tom Jennings mwaka 1984. Kampala kulikuwa na kituo cha MUKLA katika Chuo Kikuu cha Makerere. Barua zilikusanywa katika kompyuta moja mchana kutwa, kisha simu moja ya kimataifa ikazipeleka na kuleta nyingine. Kituo cha GreenNet cha London kilikuwa lango muhimu la vituo vya Afrika, ikiwemo Nairobi. Madaktari waliunganishwa na mtandao wa HealthNet, ambao ulitumia pia setilaiti ndogo iliyopita angani mara chache kwa siku.

Simu ya kimataifa iliyokatika katikati ya faili ilikuwa fedha iliyopotea. Itifaki za zamani zililianza faili upya tangu herufi ya kwanza. ZMODEM ya Chuck Forsberg, ya mwaka 1986, ilianzia pale ilipokatikia. Ni vigumu kutaja maendeleo madogo zaidi ya haya yaliyokuwa na faida kubwa zaidi kwa laini mbovu. Kuhusu setilaiti za simu zilizo kilomita karibu 36,000 juu ya dunia, maneno huchukua takribani robo sekunde kufika na mengine kurudi. Itifaki iliyosubiri jibu baada ya kila kipande kidogo ilitumia muda mwingi ikiwa kimya kuliko ikisema, na mwenye simu alilipia ukimya huo kwa bei ileile.

Maandishi matupu, hata hivyo, hayakuwa mzigo. Katika biti 2,400 kwa sekunde, hotuba ya maneno 2,500 ya Kiswahili ilipita kwa dakika moja na ziada kidogo. Picha moja ya megabaiti 1 ilihitaji karibu dakika 5 hata kwa modemu ya 28,800 iliyofanya kazi bila dosari.

Ng'ombe aliyeharibika njiani

Kiswahili kilikuwa na bahati moja katika zama hizo ambayo haijatajwa vya kutosha. Mifumo mingi ya barua ya wakati huo ilihakikisha usalama wa herufi za biti 7 tu, yaani alfabeti ya Kiingereza, tarakimu na alama chache. Kifaransa kilipoteza viambajengo vyake vya juu ya irabu. Kiarabu hakikuweza kupita kabisa bila kuandikwa kwa herufi za Kilatini. Kiswahili sanifu, kwa tahajia iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1930, hakihitaji alama hata moja nje ya hizo. Kilipita kizima. Hasara iliangukia Kiswahili cha hati za Kiarabu, ambacho ndicho chenye hazina kubwa ya tenzi na nyaraka. Hicho kilibaki nje ya waya kwa miaka mingi.

Jambo hili liliwapa wasomaji wa Kiswahili njia yao wenyewe ya kupambanua hitilafu. Kelele katika laini isiyo na usahihishaji wa makosa iliingiza alama za kigeni popote pale: mabano, viwimbi, herufi kubwa katikati ya neno, bila mpango. Tangu kiwango cha V.42 cha mwaka 1988 kilipoenea, modemu zilikagua na kurudia kila kipande, na uchafu wa namna hiyo ukapungua. Lakini barua iliweza kufika ikiwa safi kila mahali isipokuwa katika ng'ombe, ng'ambo na kung'oa, ambako alama ya ritifaa ilikuwa imegeuka kuwa alama ya kuuliza au rundo la herufi tatu. Hapo waya haukuwa na kosa. Programu ya kuandikia ilikuwa imebadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, isiyomo katika herufi za biti 7. Mtu aliyeipeleka modemu yake kwa fundi kwa sababu ya ng'ombe huyo alikuwa anatibu mguu usiouma.

Istilahi na vitenzi

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na marufuku hiyo ililegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo pale istilahi za kompyuta zilipohitajika kwa wingi, zilihitajika kwa ghafla. Baraza la Kiswahili la Taifa, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, waandishi wa magazeti na wataalamu wa Kenya walikabiliwa na chombo kilekile, na matokeo yake yanajulikana: kompyuta, tarakilishi na ngamizi zikashindania kiti kimoja, tovuti na wavuti zikapakana, barua pepe ikashinda bila upinzani mkubwa. Mtandao, kutokana na tanda, neno la utando wa buibui na nyuzi za mfumaji, likaenea kwa kasi ambayo hakuna kamati ingeweza kuiamuru. Modemu ikabaki modemu.

Mjadala huo ulikuwa na maana, na haufai kudharauliwa. Lakini ulikuwa mjadala wa majina ya vitu. Orodha ya istilahi kwa desturi ni orodha ya nomino. Vitenzi huingia kwa shida, na kauli zake mbalimbali haziingii kabisa, kwa kuwa huhesabiwa kuwa mali ya sarufi na si ya msamiati. Hivyo mwenye orodha mkononi aliweza kuita kila sehemu ya kompyuta kwa Kiswahili, akashindwa kuona kwamba lugha yake inayo tayari mbinu ya kueleza imeganda, imekwama, imegoma, haishiki, zimeingiliana, inakwaruza. Maneno hayo yalikuwa yakitumika katika karakana za redio na kwenye vituo vya simu kabla modemu ya kwanza haijawasili. Hayakuitwa istilahi kwa sababu hayakuundwa na mtu.

Mabadiliko yalikuja kwa njia isiyotarajiwa na wengi. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wa Sweden, ulitoa mwaka 2004 toleo la Kiswahili la OpenOffice lililoitwa Jambo. Kutafsiri programu nzima hakuruhusu mtu kuishia kwenye nomino. Programu husema kwa sentensi: faili haikufunguka, diski imejaa, uhusiano umekatizwa. Kila moja humlazimisha mfasiri achague kauli ya kitenzi, na katika kuchagua aamue kama kuna mtendaji au hakuna. Tatizo lililokuwa la fundi wa simu likawa la mfasiri, na kwa mara ya kwanza likashughulikiwa mezani pa wanaisimu. Kwa modemu ya simu yenyewe muda ulikuwa umekwenda sana.

Baada ya mwaka 2009

Mwezi Julai mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, ukifuatana na TEAMS uliofika Mombasa mwaka huohuo na EASSy mwaka 2010. Simu za mkononi zilikwisha kuipita simu ya mezani kwa mbali. Nyaya nyingi za shaba ziliibwa au ziliachwa zining'inie. Nchini Marekani, ambako modemu ya simu ilidumu kuliko ilivyodhaniwa, kampuni ya AOL ilifunga huduma yake ya aina hiyo tarehe 30 Septemba 2025.

Neno modemu halikufa pamoja na chombo. Nchini Kenya na Tanzania lilihamia kwenye kijiti kidogo chenye laini ya simu ya mkononi ndani yake, kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta, na kwa kijana aliyekua baada ya mwaka 2009 hiyo ndiyo maana yake ya kwanza. Kijiti hicho hakina mlio wa kupiga wala mvumo wa maporomoko. Hata hivyo anayechungulia mazungumzo kati yake na kompyuta hukuta amri zinazoanza kwa AT, kama zilivyoanza mwaka 1981, na namba ya kupigwa, kwa kawaida *99#, ingawa hakuna simu inayoita popote. Kikishindwa, sababu ikiwa ni bando lililokwisha, mnara uliozimika au kijiti kilicholegea katika tundu lake, aghalabu huijibu kompyuta NO CARRIER. Programu iliyo juu yake hulificha neno hilo isilione mtumiaji, naye humwambia mhudumu wa wateja kwamba mtandao unakatikakatika, na mhudumu, akiijua kazi yake, humuuliza kwanza amekaa wapi.